FORTRAN au Fortran, JAVA au Java: herufi kubwa zilitoka wapi na nani kazishusha?

#1 MpwaniChumbageni

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, asiyependa kusoma apite tu, hatutagombana.

Kuna dogo wa hapa Ngamiani, Tanga, kamaliza chuo, kaniletea CV niipitie. Sehemu ya ujuzi imekaa hivi, naiweka kama ilivyo: JAVA, PYTHON, javascript, PHP, MYSQL, FORTRAN, Ms EXCEL. Anasema kuna mahali alikwenda kwenye usaili, mmoja wa jopo akaisoma ile mistari, akamrudishia karatasi na kumwambia kwamba anayeandika JAVA kwa herufi kubwa hajawahi kuandika Java. Dogo katoka pale kanywea, na tangu hapo kila anayekutana naye anamuuliza sheria hizi kaziweka nani.

Swali ni zuri. Java, kama Fortran, ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na si kifupisho cha kitu chochote, kwa hiyo JAVA haina wa kuitetea. Ila FORTRAN iliyo kwenye karatasi hiyohiyo iliandikwa hivyo na walioiunda wenyewe, kwa zaidi ya miaka thelathini. Anayemcheka dogo kwa yote mawili anajua nusu tu ya habari.

Tuanze na mashine, maana jibu liko huko. FORTRAN ilitoka kampuni ya IBM mwaka 1957, timu ikiongozwa na John Backus, na jina lake lilikatwa kutoka maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya kutafsiri fomula. Ilitengenezewa kompyuta ya IBM 704. Ndani ya mashine ile kila herufi ilikaa kwenye biti 6 (biti ni nafasi moja ya 0 au 1). Piga hesabu: biti 6 zinatoa michanganyiko 64, basi. Herufi kubwa zinachukua 26, tarakimu 10, zimebaki nafasi 28. Ukitaka na herufi ndogo 26, umebakiwa na nafasi 2. Moja ya kutenganisha maneno, nyingine ugombanie mwenyewe: mabano, nukta, mkato, kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya au sawasawa. Sasa lugha ya fomula isiyo na mabano wala alama ya kujumlisha utaifanyia nini? Herufi ndogo zikaachwa nje, na mashine za kutoboa kadi, zile kadi za karatasi zenye matundu zilizobeba programu, zikawa hivyohivyo.

Tena “neno” moja la 704, yaani kipande inachoshika kwa mkupuo mmoja, lilikuwa na biti 36, sawa na herufi sita. Ndiyo asili ya ule ukomo wa herufi sita kwa majina ambayo mwandishi anabuni ndani ya programu, ukomo uliodumu mpaka FORTRAN 77. Ukikuta programu ya zamani imejaa majina kama XMAXTP na NCOUNT, jua mwenyewe hakuwa bahili wa irabu.

Katika hali hiyo zikazaliwa LISP (1958), COBOL (1959), ALGOL 60 na BASIC (1964). Zote vifupisho, zote herufi kubwa, na hakuna kikao kilichokaa kuamua. Printa zilitoa hivyo, miongozo ikaandikwa hivyo, jicho likazoea.

Mazoea yakaanza kuvuka mipaka. Pascal ya Niklaus Wirth, ya mwaka 1970, imepewa jina la Blaise Pascal, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17. Ni jina la mtu, halina kifupisho ndani yake. Lakini vitabu na matangazo chungu nzima ya zamani vimeandika PASCAL, kwa sababu majirani zake wote walikuwa wamesimama wima. Lugha ya Ada nayo yakaikuta hayohayo. Huyo ni Ada Lovelace, mwanahisabati Mwingereza aliyezaliwa 1815, na jeshi la Marekani liliipa kanuni ya lugha hiyo namba MIL-STD-1815 kwa ajili yake. Ukiandika ADA umemgeuza bibi wa watu kuwa kifupisho.

Kizuizi cha mashine kiliondoka polepole. ASCII ya kwanza, yaani orodha ya pamoja ya namba za herufi ndani ya kompyuta, ya mwaka 1963, ilikuwa na biti 7 na nafasi 128, na hata hapo herufi ndogo hazikuwemo. Ziliingia katika marekebisho ya 1967. Teletype Model 33, mashine ya kuchapia ya kuongea na kompyuta, iliyotapakaa kwenye vyumba vya kompyuta, ilijua herufi kubwa peke yake. Unix ya zamani, mfumo endeshi wa kompyuta uliozaliwa maabara ya Bell Labs, ilikuwa na adabu moja ninayoipenda sana: ukiandika jina lako la kuingilia kwa herufi kubwa tupu, mfumo unahisi kwamba mashine yako haina ndogo, basi nao unaanza kukujibu kwa kubwa, na pale penye herufi kubwa ya kweli unaitangulizia alama ya mkwaju wa nyuma (\) ili usichanganyikiwe. Hapohapo Bell Labs, mwaka 1972, Dennis Ritchie akaunda lugha ya C, ambayo maneno yake yote maalumu ni herufi ndogo. Kizazi kilichokulia kwenye C na Unix kilipoona FORTRAN kiliona kitu kinachopiga kelele.

Sasa tazama kamati inayoweka viwango vya Fortran. Kulikuwa na FORTRAN 66, kisha FORTRAN 77. Toleo lililofuata, lililotoka kama kiwango cha kimataifa mwaka 1991, likaitwa Fortran 90. Herufi moja kubwa, sita ndogo. Toleo hilohilo ndilo lililoruhusu programu yenyewe iandikwe kwa herufi ndogo, likaondoa ulazima wa kupanga mistari kwa safu za kadi, na likaruhusu majina yafike herufi 31. Siku walipoizika kadi ndiyo siku jina liliposhuka. Kwa macho yangu huo ndio ushahidi mkubwa kwamba herufi kubwa zilikuwa mali ya mashine tangu mwanzo, na lugha ilikuwa imeazima tu.

Kwa hiyo msimamo wangu: kifupisho kinachotamkika kama neno, mashine ikikiachia, kitageuka neno na kushusha herufi. Kinachosomwa herufi mojamoja kitabaki juu. Jina la mtu au kitu halikupaswa kupanda kamwe.

Nawasilisha.

#2 KijanaWaKange

Siti ya mbele nimekaa. Mkuu, swali moja kabla hujaenda mbali: COBOL mbona haijashuka? Ni ya umri uleule, inatamkwa kama neno, ina kamati, na kadi zimekufa.

#3 MpwaniChumbageni

@KijanaWaKange umegonga penyewe. Kwa msimamo wangu ilitakiwa iwe Cobol leo. Kamati yake ina maoni mengine: viwango vya 2002, 2014 na 2023 vyote vimeandika COBOL.

Ninavyoona mimi, Fortran 90 ilikuwa ukarabati mkubwa na kamati ilitaka watu waone kuna nyumba mpya. COBOL wateja wake ni mabenki, bima na ofisi za serikali za huko nje, watu ambao wanachoiombea lugha ni isibadilike, programu ya 1975 iendelee kulipa mishahara. Kwa wateja wa namna hiyo nani atajitolea kushika bango la kushusha herufi?

LISP yenyewe ilishuka, leo tunaandika Lisp, na Common Lisp ilipata kiwango cha ANSI, shirika la viwango la Marekani, mwaka 1994. Lakini ukiingia ndani utacheka. Andika jina lolote kwa herufi ndogo, Lisp kwa kawaida inalisoma na kulipandisha kuwa kubwa. Unaandika car, inakujibu CAR. Jina la lugha limehama mjini, tumbo lake bado liko 1958.

#4 NaziMbovu

Hoja dhaifu. Watu tunatafuta hela nyie mnahesabu herufi. Kompyuta haijali umeandika JAVA au Java kwenye CV. Leteni uzi wa kupata wateja hapa Tanga tuwaelewe.

#5 BintiMakorora

@NaziMbovu kaka yangu, CV kompyuta haiijali, ila mengine inayajali mpaka basi. Mimi nafundisha vijana kompyuta hapa Makorora na wiki ya kwanza machozi yote ni ya herufi. Mtoto anaandika system.out.println kwa s ndogo, Java inamkatalia, anasema mashine mbovu. Mwingine kahifadhi Picha.JPG kwenye laptopu ya Windows, kwenye ukurasa wake kaiita picha.jpg, nyumbani inafunguka vizuri. Anaipandisha kwenye seva ya Linux, ambayo kwake kubwa na ndogo ni vitu viwili, picha hakuna, na mteja ameshakaa pembeni anasubiri kuiona. Fortran na Pascal hazitofautishi kubwa na ndogo, C na Java zinatofautisha. Aliyezoea kupuuza herufi kwenye jina la lugha huwa anazipuuza na ndani, hapo yule wa jopo simlaumu kabisa, ingawa mdomo wake ungepunguzwa makali.

Mleta uzi kasahau lugha ya Perl, na ndiyo iliyo tamu kuliko zote. Larry Wall aliitoa mwaka 1987. Alitaka kuiita lulu kwa Kiingereza, ile lulu ya thamani ya kwenye Injili ya Mathayo, akakuta kuna lugha nyingine tayari inaitwa PEARL, akaitoa a. Wenyewe wanaandika Perl kwa P kubwa wakimaanisha lugha, na perl kwa ndogo wakimaanisha programu inayoiendesha, ile unayoiita kwa jina kwenye skrini ya amri. PERL hawaitaki hata kuisikia, na maelezo yao rasmi ya maswali ya mara kwa mara yanasema usiandike hivyo. Kwa hiyo ukiona mtu kaandika "Perl ni rahisi lakini perl yangu imegoma" usimsahihishe, anajua anachosema.

Na kuhusu ADA, jamani, hiyo kwetu ina balaa lake. Weka ADA kwa herufi kubwa kwenye tangazo la chuo, mzazi anaruka yote anakwenda kutafuta kiasi.

#6 NaziMbovu

Hiyo ya ADA nimecheka kwa sauti hapa stendi. Haya endeleeni, nasoma kimyakimya.

#7 MstaafuRaskazone

Wanangu, mimi si wa lugha hizo, mjukuu ndiye aliyenifungulia ukurasa. Ila ya herufi kubwa nayajua kabla yenu.

Telegramu zilikuja hivyo. NJOO HARAKA MAMA MGONJWA. Hakuna nukta, hakuna mkato, na kila neno unalilipia, kwa hiyo hata salamu zilikatwa. Ukiiona ile karatasi mlangoni, moyo unaenda mbio kabla hujasoma. Baadaye hati za mshahara zikaanza kuja kwenye yale makaratasi marefu yenye matundu pembeni, maandishi ya nukta-nukta, jina langu lote kwa herufi kubwa, mwisho limekatwa herufi mbili kwa sababu nafasi iliisha. Nilikwenda kwa mhasibu kulalamika kwamba hilo si jina langu. Akaniambia, "Mzee, kompyuta ndivyo inavyokujua." Nikastaafu nikiwa na jina pungufu kwenye hati.

Wakati huo herufi kubwa ilikuwa na uzito wa serikali. Kitu kimechapwa kwa kubwa, kimetoka juu. Leo nikimwandikia mjukuu kwa kubwa kwenye simu, sababu macho hayaoni vizuri, ananiuliza, "Babu, mbona unanifokea?" Nani aliyebadilisha hayo na kikao kilikaa lini?

#8 MpwaniChumbageni

Shikamoo mzee wetu. Umesema kwa aya tatu nilichozunguka nacho uzi mzima. Hiyo ya jina lililokatwa ni ndugu wa damu wa zile herufi sita za IBM: nafasi ilipimwa kwa mashine, mtu akapunguzwa ili aenee.

Kikao hakikukaa. Wakati kila kitu kilikuwa kubwa, kubwa haikuwa na maana ya pekee. Mashine zilipopata ndogo, kubwa ikawa chaguo, na kitu ukikichagua wakati ungeweza kukiacha, watu wanakitafutia sababu. Ndiyo maana JAVA kwenye CV inasomeka kama mtu anapaza sauti.

#9 FundiVibao

Nimeletwa na kichwa cha uzi, mimi kazi yangu ni kuandika vibao na magari, nipo karibu na soko la Ngamiani. Mnawaonea watu wa herufi kubwa.

Kibao cha bati, ukishapiga rangi ya chini ikakauka, unanyoosha uzi wenye chaki unaupiga. Herufi kubwa zinataka mistari miwili tu, wa juu na wa chini, zote zinajaa hapo. Herufi ndogo zinataka minne. Kuna a na o zinakaa katikati, kuna l na t zinapanda, kuna g, j, p, y zina mikia inashuka. Mkia ukishuka unagusa mstari wa namba za simu, inabidi usogeze kila kitu, bati halitoshi. Na mtu anasoma akiwa juu ya bodaboda. Kwa hiyo mteja akija na karatasi ya "mafunzo ya kompyuta" mimi namwekea MAFUNZO YA KOMPYUTA, WORD, EXCEL, JAVA, PHP, na hajawahi kulalamika mtu.

Isipokuwa mmoja. Nilimwandikia JAVASCRIPT akakataa, akataka S ya katikati iwe kubwa na nyingine zote ndogo isipokuwa J. Nikajua kachanganyikiwa. Nikaiandika hivyo, na mkia wa p nikaubana, umekaa vibaya mpaka leo nikipita naona aibu.

#10 MpwaniChumbageni

@FundiVibao mteja wako alikuwa sahihi na wewe pia ulikuwa sahihi, kibao kina sheria zake. Hiyo S ina historia. Lugha iliandikwa na Brendan Eich pale Netscape, kampuni ya kivinjari cha mtandao, mwaka 1995. Kwanza iliitwa Mocha, ikawa LiveScript, na Desemba mwaka huohuo ikawa JavaScript kwa makubaliano na kampuni ya Sun, wenye Java, iliyokuwa inavuma wakati ule. Maneno mawili yameunganishwa, kila moja likabaki na kichwa chake. Alama ya biashara ilikuwa ya Sun, sasa iko kwa Oracle, na ndiyo sababu kiwango rasmi cha 1997 kinaitwa ECMAScript, jina ambalo wenyewe hulitumia wakiwa vikaoni tu. Microsoft walipoleta yao mwaka 2012 wakaiita TypeScript, S juu, wamefuata nyayo.

Anayeandika Javascript anaeleweka. Anayeandika JAVA akimaanisha JavaScript ndiye wa kuhurumiwa, maana hizo lugha mbili undugu wao ni wa makaratasi.

#11 MgosiWaSoni

Nimewahi kufanya kazi ya kusoma prufu, naomba niwatoe kwenye kompyuta kidogo, maana hili mnalojadili tunalo kwenye magazeti yetu kila asubuhi.

Barua za ofisi zinaandika TANESCO na TAKUKURU. Fungua gazeti, yapo yanayoandika Tanesco na Takukuru. Lakini hakuna gazeti linaloandika Ccm au Tbs. Kwa nini? Ni msimamo uleule wa mleta uzi: Tanesco unaitamka neno zima, CCM unaitaja herufi mojamoja. Kwa wenzetu Waingereza wapo wanaoandika Nasa wakati wenyewe Wamarekani wanaandika NASA. UKIMWI ulianza juu, sasa Ukimwi umejaa kila mahali, na kuna wanaoandika ukimwi kama malaria tu. Mwisho wa safari hiyo ni rada na leza. Zote mbili zilianza kwa Kiingereza kama vifupisho vya maneno kadhaa, zikashuka, zikavuka bahari, zikavaa irabu za kwetu, na mtoto wa shule hajui kwamba ziliwahi kuwa na herufi kubwa.

Mhariri wangu alikuwa na sababu ya pili ambayo hamjaitaja, ya jicho. Ukurasa wenye TANESCO mara tisa unaonekana una madoa meusi. Jicho linaruka kutoka doa hadi doa na kuacha sentensi. Vitabu vya kompyuta navyo vimejaa majina ya lugha kila mstari, sishangai wachapishaji walichoka.

Sasa swali langu kwenu wataalamu. Lugha kwa Kiswahili zina ki: Kidigo, Kibondei, Kisambaa, Kizigua, na K ndiyo inayobeba ukubwa. Hizi za kompyuta mtaziandikaje? Kipython? KiPython? Waafrika Kusini wana jibu lao kwenye katiba ya 1996, wameandika isiZulu na isiXhosa, herufi kubwa katikati, sawa kabisa na ile S ya JavaScript. Lakini orodha hiyohiyo ina Sesotho na Tshivenda, kubwa mwanzoni. Kila watu na desturi ya uandishi wa kwao, na hakuna aliyelazimishwa kufanana na jirani.

#12 BintiMakorora

@MgosiWaSoni hiyo ya isiZulu imenipa kazi, nimeiangalia mara mbili. Safi sana.

Darasani nasema "lugha ya Python" au "imeandikwa kwa Python", ki siiweki. Wanafunzi wenyewe wakiongea wanasema kipython, kijava, ila kwa maana ya namna: "hapa umeandika kijava mno", yaani maneno mengi kwa kazi ndogo. Hapo nakubali iwe ndogo yote, kama kizamani au kitoto. Kama ni jina la lugha yenyewe, Python ina jina lake, limetoka kwa kundi la wachekeshaji wa Uingereza aliowapenda Guido van Rossum, tusilivishe kanzu.

#13 NaziMbovu

Nimesoma kimyakimya nimeshindwa. Java ni kisiwa, sawa? Kotlin, lugha nyingine, nayo ni kisiwa, iko karibu na St. Petersburg. Sisi tuna Toten, tuna Ulenge, tuna Yambe, vyote vinaonekana. Mnangoja nini kuandika lugha? Nitakuwa mtu wa kwanza kuweka ULENGE kwenye CV, tena kwa herufi kubwa.

#14 MpwaniChumbageni

@NaziMbovu ukiiunda utaandika unavyotaka, mwenye mali ndiye mwenye neno. Hilo ndilo nililotaka kulimalizia, maana kuna wanaoninukuu vibaya kule kwenye kundi kwamba nimesema kila kitu kishushwe.

MATLAB, lugha ya mahesabu, ni kifupisho, inatamkika, na kwa msimamo wangu ingeshuka zamani. Kampuni ya MathWorks inaiandika MATLAB, ni alama yao ya biashara, basi nami naandika MATLAB. Go ya Google, ya mwaka 2009, ni kinyume chake: nembo yao ina herufi mbili zote kubwa, halafu maelezo yao wenyewe yanakuambia jina linaandikwa Go, usiandike GO. Na Golang ilitokana na anwani ya tovuti yao ya awali, golang.org, wala si jina la lugha. Nembo ni mchoro, fundi wetu wa vibao analijua hilo kuliko wengi.

Ukitaka kuona kushuka kwenyewe kwa macho, fuata BASIC ndani ya kampuni moja. Ilizaliwa chuo cha Dartmouth mwaka 1964 kwa mikono ya John Kemeny na Thomas Kurtz, na yenyewe ilikuwa na sababu ya ziada ya kubaki juu, kwa kuwa bila herufi kubwa ni neno la kawaida la Kiingereza. Microsoft wakaichukua. GW-BASIC, kubwa tupu. Kisha QuickBASIC ya 1985, mbele imelegea, nyuma bado wima. Mwaka 1991 ikaja QBasic, na mwaka huohuo Visual Basic. Hakuna tangazo lililotolewa. Walikuwa wanaacha kidogokidogo huku wanauza.

SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, nayo ilipita njia ya peke yake. IBM waliiita SEQUEL mwaka 1974, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, jina likawa tayari ni mali ya kampuni moja ya Uingereza ya kutengeneza ndege, wakatoa irabu. Ndiyo maana mpaka leo wapo wanaoitamka kwa jina la kale na wapo wanaoitaja herufi tatu. Maandishi yamebaki juu, kwa hiyo hakuna anayegombana kwenye karatasi.

CV ya dogo nimeirekebisha hivi: Java, Python, JavaScript, PHP, MySQL, FORTRAN 77, Microsoft Excel. Fortran nilimuuliza kwanza ni ipi aliyosoma. Kumbe mwalimu wake aliwafundisha kwa notisi za toleo la 77, safu za kadi na herufi sita, vyote. Nikamwambia basi hiyo aandike FORTRAN 77 bila woga, na jopo wakimuuliza awaeleze wenyewe.

#15 KijanaWaKange

Mkuu nimeelewa yote, limebaki moja. Ndani ya SQL watu wanaandika SELECT, FROM, WHERE kwa herufi kubwa mpaka leo. Kazini kwetu mkubwa wangu amenirudishia kazi kwa sababu niliandika kwa ndogo. Ni lazima?

#16 BintiMakorora

Si lazima. SQL haitofautishi kwenye maneno hayo, select na SELECT ni kitu kimoja na majibu yatatoka yaleyale. Ilisaidia wakati skrini zilikuwa na rangi moja, ukitaka kutenganisha maneno ya lugha na majina ya majedwali yako. Siku hizi programu za kuandikia zinapaka rangi zenyewe. Ila majina ya majedwali angalia sana: MySQL ikiwa kwenye Linux, kwa kawaida Wateja na wateja ni majedwali mawili tofauti, na ukiwa umezoea Windows hutaliona tatizo mpaka siku ya kuhamisha.

Kuhusu mkubwa wako, mwandikie kwa kubwa. Programu nzima ya ofisi ifanane, na yeye ndiye anayesaini.